Syrah au Shiraz: chupa ipi kwa meza ya Mwanza?

Kwenye rafu moja ya duka la Kirumba au Rock City Mall unaweza kukuta chupa mbili zimesimama bega kwa bega, moja imeandikwa Syrah na nyingine Shiraz. Zabibu iliyomo ni aina moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake wa Montpellier walipima vinasaba vyake wakakuta wazazi ni zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa: Dureza, ambayo ni nyeusi, na Mondeuse Blanche, ambayo ni nyeupe. Ile hadithi kwamba mzabibu huu uliletwa kutoka mji wa Shiraz, Uajemi, ikaishia hapo.

Kinachotofautiana ni joto la shamba, siku ya kuvuna na mkono wa mtengenezaji. Tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kupenda chupa ya kwanza na kuikataa ya pili, akadhani ni zabibu mbili. Kwa kawaida mtengenezaji akiandika Syrah anakuahidi mvinyo wa mtindo wa Ufaransa, mwepesi kidogo na wenye harufu ya pilipili manga. Akiandika Shiraz anakuahidi mtindo wa Australia, uliojaa tunda lililoiva. Lakini hiyo ni desturi tu, hakuna sheria inayomlazimisha. Ndiyo maana tunashauri uanze na namba ya kilevi nyuma ya chupa, kisha usome mahali zabibu zilipolimwa, na jina liwe la mwisho. Asilimia 12.5 hadi 13.5 inaashiria shamba la baridi au mavuno ya mapema. Asilimia 14.5 na kuendelea inaashiria jua kali na zabibu zilizoachwa hadi zijae sukari. Namba hiyo ni vigumu kukudanganya, kwa sababu hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi.

Kwa nini joto hubadilisha ladha kiasi hiki

Zabibu ikiiva kwenye joto, sukari hupanda na uchachu hushuka. Matokeo ni mvinyo laini na mzito mdomoni, wenye ladha inayokaribia jamu. Kwenye baridi kuiva huchukua muda mrefu, uchachu hubaki na mvinyo husisimua ulimi.

Halafu kuna pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo ya Syrah inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ile ile iliyomo kwenye punje za pilipili manga zenyewe. Iko kwenye ganda la zabibu. Huwa nyingi katika mashamba ya baridi na kwenye vishada vilivyo kivulini, na hupungua vishada vikichomwa na jua. Takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa kabisa. Kwa hiyo wawili mezani wakibishana, mmoja akisema mvinyo una pilipili na mwingine akisema hana anachosikia, wote wanasema kweli.

Rhône kaskazini na Barossa: ncha mbili

Nyumbani kwa Syrah ni kaskazini mwa bonde la mto Rhône, Ufaransa, kwenye miteremko mikali ya mawe ya matale ambako mizabibu hufungwa kwenye vigingi ili upepo usiiangushe. Tatizo la kwanza kwa mnunuzi ni kwamba lebo nyingi za huko hazitaji zabibu, hutaja mahali tu. Ukiona Cornas, hiyo ni Syrah tupu, kwa mujibu wa kanuni zao. Côte-Rôtie inaruhusiwa kuchanganywa na Viognier, zabibu nyeupe, hadi asilimia 20, ingawa wengi huweka kidogo sana au hawaweki kabisa. Hermitage inaruhusiwa hadi asilimia 15 ya zabibu nyeupe za Marsanne na Roussanne. Saint-Joseph na Crozes-Hermitage ndizo za kununulika, na kati ya hizo Crozes ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa iko kwenye ardhi tambarare inayolimika kwa urahisi.

Mdomoni utapata zambarau, zeituni nyeusi, maua ya urujuani, pilipili manga na mara nyingi harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kilevi huwa asilimia 12.5 hadi 13.5. Crozes inanyweka vizuri ikiwa na miaka mitatu hadi minane. Cornas na Hermitage zikiwa changa zina ukakasi mkali unaokausha ufizi, na kumfungulia mgeni chupa ya Hermitage ya miaka mitatu ni kupoteza fedha. Zinataka miaka 10 au zaidi mahali penye baridi, na hilo kwenye nyumba ya kawaida ya Mwanza ni gumu.

Ukitaka Syrah ya Ufaransa kwa bei ya chini, tafuta lebo ya Pays d'Oc, kutoka kusini karibu na bahari ya Mediterania. Hizo huandika jina la zabibu wazi. Ni laini na rahisi kunyweka, ila hazina ule ukali wa pilipili wa Rhône.

Ncha ya pili ni bonde la Barossa, Australia Kusini. Vipandikizi vya Syrah vilifika Australia miaka ya 1830, vingi vikiwa kwenye mkusanyo wa mtaalamu wa mizabibu James Busby uliopelekwa kutoka Ulaya mwaka 1832. Mdudu wa filoksera, aliyeharibu mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakufika Australia Kusini, na ndiyo sababu huko kuna mizabibu mikongwe ajabu. Shamba la Langmeil pale Tanunda lina mizabibu ya Shiraz iliyopandwa mwaka 1843 na bado inazaa. Mzabibu mkongwe huzaa vishada vichache na vidogo, lakini ladha yake huwa nzito.

Barossa ni joto, na kilevi cha asilimia 14.5 hadi 15 ni cha kawaida. Utakutana na matunda meusi yaliyoiva sana, chokoleti na viungo vitamu. Pale mtengenezaji anapotumia mapipa ya mwaloni wa Marekani, huongezeka vanila na harufu ya nazi. Mwaloni wa Ufaransa huacha alama ndogo zaidi, yenye moshi na karafuu. Mvinyo uliolipa jina eneo hilo ni Grange wa kampuni ya Penfolds, ambao mtengenezaji wake Max Schubert aliujaribu kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Bei yake iko mbali na mifuko yetu, lakini mtindo wake ndio ulioigwa na chupa nyingi za bei ya kati.

Usiiweke Australia yote kapu moja, hata hivyo. Hunter Valley huvuna mapema ili kuikwepa mvua ya majira ya joto, na Shiraz yake huwa ya uzito wa kati, asilimia 13 hivi. Wilaya ya Canberra ni baridi, na huko baadhi huchachusha Shiraz pamoja na Viognier kidogo kama wafanyavyo Côte-Rôtie. Kwa maneno mengine, kuna Shiraz ya Australia inayonukia kama Syrah ya Ufaransa, na namba ya kilevi ndiyo itakayokuonyesha.

Afrika Kusini: uwanja mpana kwa mnunuzi wa Mwanza

Sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu unaofika Kanda ya Ziwa unatoka Rasi ya Magharibi (Western Cape), kwa hiyo hapa panahitaji macho zaidi. Wazalishaji wa huko hutumia majina yote mawili, na mara nyingi kwa makusudi: Shiraz kwa mvinyo ulioiva na kukaa kwenye mwaloni mpya, Syrah kwa mvinyo mwembamba zaidi, wenye uchachu na pilipili.

Angalia kwanza upana wa eneo kwenye lebo. "Western Cape" maana yake zabibu zinaweza kutoka kona yoyote ya jimbo zima. Hizo ni chupa za kila siku, na nyingi ni safi kabisa, ila hazina sura ya mahali. Stellenbosch hupata upepo wa baharini na hutoa Shiraz imara yenye ukakasi wa wastani. Paarl ni joto zaidi. Swartland, kaskazini mwa Cape Town, ndiyo iliyogeuza mazungumzo: mizabibu mifupi isiyofungwa kwenye nyaya, mingi hainyweshwi maji, iko kwenye matale ya Paardeberg na mawe ya shale ya Malmesbury. Mtengenezaji Eben Sadie alitoa kwa mara ya kwanza mvinyo wake uitwao Columella kutoka mavuno ya mwaka 2000, na tangu hapo vijana wengi wamefuata nyayo. Syrah ya Swartland ya asilimia 13 hadi 13.5 ina zambarau, majani makavu ya msituni na vumbi la pilipili. Elgin, ambako hulimwa matufaha kwa sababu ya baridi, hutoa chache lakini zenye harufu kali ya pilipili.

Kumbuka pia kwamba jina la zabibu kwenye chupa ya Afrika Kusini, Australia au Umoja wa Ulaya linahitaji asilimia 85 tu ya zabibu hiyo. Asilimia 15 iliyobaki inaweza kuwa kitu kingine na usiambiwe. Ukiona ladha isiyoeleweka kwenye chupa ya bei ya chini, jibu mara nyingi liko hapo.

Na usichanganye Shiraz na ile mvinyo myekundu mitamu ya Afrika Kusini inayouzwa sana mjini. Hiyo imeachiwa au imeongezewa sukari. Neno la kutafuta ni "dry", ambalo kwa kanuni za huko kwa kawaida ni chini ya gramu 5 za sukari kwa lita. Aliyezoea mtamu akipewa Syrah kavu ya shamba la baridi atasema imechacha. Mwanzishe kwa Shiraz ya Paarl au Pays d'Oc, ambazo tunda lake lililoiva humpa mtu hisia ya utamu bila sukari.

Petite Sirah si Syrah. Ni Durif, mtoto wa Syrah na Peloursin, na ni mweusi wenye ukakasi mkubwa.

Dodoma

Syrah inalimwa Dodoma, pamoja na Makutupora nyekundu, Chenin Blanc ambayo ni nyeupe, na aina kadhaa za Italia. Kinachoitofautisha na kila mahali tulipotaja ni kalenda. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima hupogoa ili uchipue upya na kuvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja karibu na kipindi cha mvua, mara nyingine wakati wa kiangazi. Mavuno ya kiangazi huwa na afya zaidi, kwa kuwa mvua huleta ukungu na kuijaza zabibu maji. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa hauelezi ni mavuno yapi, hivyo muulize muuzaji kama anajua.

Syrah kavu ya Dodoma huwa laini, haina ukakasi mwingi na hunyweka ikiwa changa. Inunue mpya na uinywe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Isome lebo kwa makini, maana mvinyo mwingi wa Dodoma sokoni ni mtamu, na mwingine umeongezwa pombe kali. Faida yake kubwa kwetu ni safari: Dodoma iko njiani kutoka Dar es Salaam kuja Mwanza, kwa hiyo chupa imekaa muda mfupi zaidi kwenye lori la joto.

Ipi kwa chakula kipi

Nyama choma ndiyo sababu ya watu wengi kununua Shiraz, na ushauri unaotoka nje husema chagua mzito kabisa. Kwa nyama ya hapa tunapinga. Mafuta na protini ndivyo vinavyolainisha ukakasi, na ng'ombe wetu wa asili ana nyama kavu yenye mafuta kidogo. Ukiinywea Cornas changa au Shiraz iliyojaa mwaloni mpya, mdomo unakauka. Chukua Stellenbosch au Swartland ya miaka mitatu hadi mitano, asilimia 13.5 hadi 14. Mbavu zenye mafuta au mbuzi aliyenona vinaweza kuibeba Barossa.

Kachumbari yenye ndimu nyingi hufanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane bapa, jambo linaloiumiza Barossa na kuisaidia Crozes. Pilipili kichaa hukutana vibaya na kilevi: asilimia 15 huwasha moto zaidi, asilimia 13 hupita. Michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), kwa utamu wake, huufanya mvinyo mkavu uwe mkali, kwa hiyo viache viende na chai. Kuku wa kienyeji wa mchuzi, maini na utumbo vinapatana vizuri sana na Syrah yoyote ya shamba la baridi, na huo ndio mchanganyiko tungeupendekeza kabla ya nyama choma.

Samaki ni suala jingine. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuzaa harufu ya shombo na ladha ya chuma mdomoni. Sangara, aliye na mafuta, na dagaa huonyesha tatizo hili wazi. Kwa sangara nunua Chenin Blanc. Ikiwa wageni wanataka nyekundu tu, sato aliyekaangwa akauka, na rosti ya nyanya yenye kitunguu kilichoungua kidogo, anaweza kwenda na Crozes au Pays d'Oc iliyopozwa hadi nyuzi 14. Barossa na samaki wa ziwa, hapana.

Kama unapanga idadi, hesabu glasi tano za mililita 150 kwa chupa. Chupa ya asilimia 15 ina takriban mililita 112 za kilevi halisi, ya 12.5 ina 94. Kwa mlo wa mchana unaoendelea hadi jioni, tofauti hiyo ya karibu moja ya tano inaonekana kwa wageni.

Joto la kumimina

Hapa ndipo chupa nzuri huharibikia Mwanza. Agizo la "joto la chumba" lilitungwa kwa nyumba za Ulaya za nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Nyakato au Igoma ina 26 hadi 28. Kwenye joto hilo kilevi hupanda puani, tunda hugeuka jamu na pilipili hupotea. Syrah ya shamba la baridi iwe nyuzi 15 au 16, Shiraz nzito 17 au 18.

Kutoka nyuzi 27, friji ya kawaida huchukua saa moja hadi saa moja na nusu kuifikisha 17. Ndoo yenye barafu na maji huchukua kama dakika 10. Maji ni lazima, barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu. Mimina theluthi ya glasi ili imalizike kabla haijapata joto, kisha rudisha chupa kwenye ndoo dakika mbili tatu. Ikipoa kupita kiasi, ukakasi hukaza na harufu hufunga, ila hilo hujirekebisha lenyewe ndani ya dakika chache. Ukikosea, bora uwe umeipoza kupita kiasi.

Chupa yenye kasoro

Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya kizibo. Kikiwa kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, au kuna unyevu unaonata chini ya karatasi, mvinyo ulipata joto, ukatanuka ukakisukuma. Hili hutokea kwenye lori au stoo ya mabati. Ukifungua utakutana na ladha ya zabibu zilizochemshwa na rangi ya kahawia pembeni mwa glasi. Haitibiki. Ndiyo maana chupa ya rafu ya chini, mbali na dirisha na taa, ni salama kuliko ile inayometameta mbele.

Harufu ya mpira, kiberiti au yai bovu ni ya kawaida kwa Syrah, kwa sababu mvinyo huu ukinyimwa hewa hutengeneza kemikali za salfa haraka. Mimina kwenye jagi kwa kishindo, urudishe, subiri nusu saa. Ikiondoka, chupa ilikuwa nzima. Harufu ya karatasi lililolowa ni kizibo kibovu, na hiyo haiondoki: irudishe dukani. Harufu ya zizi au plasta ya kidonda hutoka kwa hamira ya mwituni iitwayo bretanomisesi. Kidogo, wengi huipenda kwenye Rhône. Ikifunika tunda, ni kasoro.

Chupa yenye zaidi ya miaka minane isimamishwe wima siku nzima ili mashapo yatue, kisha imiminwe taratibu.

Ukisoma miaka, kumbuka kwamba kusini mwa dunia huvuna Februari hadi Aprili na Ufaransa huvuna Septemba, hivyo chupa ya Afrika Kusini ya mwaka ule ule ina nusu mwaka zaidi. Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, usiweke akiba zaidi ya miezi sita hadi mwaka. Zile za kizibo zilale ndani ya kabati lililo mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, zile za kifuniko cha kuzungusha zinaweza kusimama. Kilichobaki baada ya mlo kifunike kiingie friji usiku huo huo. Barossa itadumu siku tatu, Syrah nyepesi siku mbili, na ikiachwa mezani hadi kesho yake mchana itaanza kunukia siki.